Chuo gani kinamfaa anayetaka kazi ya msaada wa kompyuta?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimemaliza kidato cha nne hapa Mafinga nikiwa na C ya Kiswahili na Fizikia, na D za Hisabati, Kiingereza, Jiografia na Biolojia. Ninapenda kazi ya kuhudumia kompyuta maofisini: kutengeneza mashine, kuunganisha mtandao na kuwasaidia watumiaji. Baba ameuza mbao na yuko tayari kunilipia ada, lakini nyumbani tumegawanyika. Kuna chuo binafsi Mbeya kinachotangaza diploma ya kompyuta ya miezi tisa pamoja na kompyuta mpakato ya bure. Mjomba anasema niende VETA, vyuo vya serikali vya ufundi stadi. Mwalimu wangu anashauri nitafute chuo cha stashahada ya miaka mitatu. Nichague kipi, na nitajuaje kwamba chuo ni kizuri?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hiyo miezi tisa, kwa sababu ndiyo inayoweza kummalizia mzee wako fedha za mbao. Kwa utaratibu wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, yaani NACTVET, mhitimu wa kidato cha nne huanzia ngazi ya 4 ya tuzo za ufundi, hupanda ngazi ya 5, kisha ngazi ya 6 ambayo ndiyo stashahada, au diploma kama tulivyozoea kuiita, na kila ngazi huchukua takriban mwaka mmoja. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba utatoka kidato cha nne na kushika diploma ndani ya miezi tisa atakupa cheti chake mwenyewe alichokipachika jina hilo. Sisemi kwamba kozi fupi hazifai. Zipo zinazofundishwa vizuri, na mtu aliye kazini tayari anaweza kunufaika nazo sana. Ubaya ni kuilipia kozi fupi kwa bei na kwa matumaini ya diploma. Siku utakapotaka kusoma shahada, utatakiwa kuwa na namba ya uhakiki wa tuzo, ile ambayo wengi wanaiita AVN, na hiyo hutolewa na NACTVET kwa wenye stashahada inayotambuliwa tu; juu ya hapo huhitajika kwa kawaida wastani wa alama, yaani GPA, usiopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Masomo yako yanatosha kuanzia ngazi ya 4, kwa kuwa sharti la jumla ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ingawa baadhi ya kozi huongeza sharti la Hisabati au Kiingereza.

Ili uhakikishe, usiishie kuuliza kama chuo kimesajiliwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali kwa ajili ya kozi za biashara au za afya, kikaanza kutangaza kozi ya kompyuta kabla kozi hiyo haijaidhinishwa. Fungua mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka unaotaka kuanza masomo, utafute jina la chuo, kisha utazame kama kozi yenyewe imo, ina sifa gani za kujiunga, inachukua wanafunzi wangapi na ada yake ni kiasi gani. Ada iliyoandikwa humo ukiilinganisha na ile unayotajiwa na wakala wa chuo, mara nyingine utapata jibu lako bila kupanda basi.

Baada ya hapo soma jina la kozi kwa uangalifu, kwa maana majina yanafanana na kazi zake zinatofautiana. Kozi za sayansi ya kompyuta huelemea uandishi wa programu na hesabu zake. Uhandisi wa kompyuta huingia zaidi katika umeme, elektroniki na mashine yenyewe. Kozi za teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, hukaa katikati, na nyingi kati ya hizo ndizo zinazokaribia kazi unayoieleza. Hata hivyo, omba orodha ya masomo ya kila muhula, usitegemee jina tu. Unachotaka kukiona ni matengenezo ya kompyuta, mifumo endeshi pamoja na usimamizi wa seva, mitandao ya kompyuta kwa zaidi ya muhula mmoja, misingi ya umeme, usalama wa taarifa, na mawasiliano na wateja. Somo la programu moja au mawili halitakupotezea muda, kwa kuwa fundi anayeweza kuandika maelekezo machache ya kuifanya kompyuta irudie kazi yenyewe huokoa saa nyingi pale anapohudumia mashine arobaini peke yake.

Mjomba wako naye ana hoja. VETA ina vituo Mbeya na Iringa, ada zake ni nafuu, na mkono wa mwanafunzi hushika kifaa mapema kuliko katika vyuo vingi. Kama mngekuwa na fedha za mwaka mmoja tu, na una nia ya kufungua meza yako ya ufundi hapo Mafinga, ningekuambia uende huko, baada ya kuhakikisha kwamba kituo husika kina fani ya TEHAMA, maana si kila kituo kinafundisha kila fani. Lakini wewe umetaja kazi ya maofisini, na katika ofisi nyingi stashahada ndiyo mlango wa kawaida wa fundi. Serikalini, matangazo ya nafasi ya Afisa TEHAMA Daraja la II hudai shahada kabisa. Kwa sababu hiyo nakubaliana na mwalimu wako, ila kwa sharti kwamba hiyo miaka mitatu isiwe ya kunakili maandishi ubaoni.

Katika nyanda zetu, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kina historia ndefu ya ufundi: kilianza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya, kikawa taasisi mwaka 2005 na chuo kikuu mwaka 2012, na hadi sasa kinafundisha stashahada pamoja na shahada. Iringa mjini kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa, na kwa mtu wa Mafinga Iringa ni karibu zaidi kuliko Mbeya, jambo linalopunguza nauli na kukuwezesha kurudi nyumbani mwisho wa wiki hela ya chakula inapokata. Vipo pia vyuo binafsi vidogo katika miji yote miwili. Ukubwa wa jina usiwatishe wala usiwaleweshe wewe na mzee. Nimewahi kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuo kidogo waliofanya kazi vizuri kuliko wenzao wa chuo kikubwa.

Hapo ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa kuwa mimi husimamia kitengo cha msaada wa kompyuta na wanafunzi hao huletwa kwangu kila mwaka. Nenda chuoni mwenyewe siku ya masomo, si siku ya maonyesho, uombe kuonyeshwa karakana. Usihesabu kompyuta zilizopangwa safi mezani. Uliza ziko wapi zile zilizofunguliwa. Karakana ya kweli ina mashine mbovu zinazotumika kufundishia, ina mita ya kupimia umeme, ina koleo la kubania ncha za kebo za mtandao na kifaa cha kuzipima, na ina swichi na ruta ambazo wanafunzi wanaruhusiwa kuziharibia mipangilio na kuzirekebisha. Kama vifaa vimefungiwa kabatini na ufunguo anao mkuu wa idara aliyesafiri, umeshajua utakachosoma.

Kisha zungumza na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umpe maswali mawili. La kwanza: kompyuta inawaka, feni inazunguka, lakini kioo hakionyeshi kitu, utaanzia wapi? Aliyefundishwa atakagua kioo na waya wake, atachomoa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, na kuirudisha, atajaribu nyingine, atasikiliza milio ya mashine. Asiyefundishwa atakujibu kwamba inahitaji kupigwa Windows upya. Mafundi wa namna hii wamejaa mijini kwetu, na wameshafuta hesabu za SACCOS na maandalio ya walimu kwa tatizo ambalo lilikuwa ni vumbi tu kwenye RAM. La pili: kompyuta imeunganishwa kwa kebo lakini haipati mtandao, na anwani yake inaanza na 169.254, maana yake nini? Jibu ni kwamba mashine imeomba anwani kwa DHCP, mfumo unaogawa anwani kwenye mtandao, haikujibiwa, ikajipa yenyewe, kwa hiyo kosa litafutwe kwenye kebo, swichi au ruta. Ukipata wanafunzi watatu wasioweza kulijibu swali hilo mwaka wa mwisho, mtandao hawakufundishwa.

Uliza vilevile kama mafundisho yanakwenda na wakati. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kompyuta yenye TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4 na nafasi ya diski ya GB 64 kwa uchache. Shule, zahanati na ofisi nyingi za huku kwetu zinatumia mashine zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika, na baadhi yake hazifikii sharti hilo. Mwalimu wako wa baadaye anapaswa kuweza kukueleza ni mashine ipi inafaa kuongezewa diski ya kasi ya SSD, ipi iwekewe Linux, mfumo endeshi wa bure, na ipi iachwe. Akikuonyesha Windows 7 na kukuambia kwamba zote ni sawa, mshukuru na uondoke.

Mafunzo kwa vitendo mahali pa kazi yana uzito kama karakana. Uliza chuo kinapeleka wapi wanafunzi wake, na kama mwalimu huwatembelea. Palipo na kazi ya kujifunza ni pale penye watumiaji wengi na mifumo inayotegemewa kila siku: hospitali inayosajili wagonjwa kwa kompyuta, halmashauri, benki, kiwanda cha chai au cha karatasi huko kwenu Mufindi. Anayepelekwa kwenye duka la kuchapisha barua atarudi anajua kubadilisha wino wa printa. Kwa haki, printa ndiyo itakayokuitia watu kuliko kifaa kingine chochote.

Vyeti vya kampuni za nje usivichanganye na chuo. CCNA ya Cisco hupatikana kwa kufaulu mtihani wa Cisco katika kituo kilichoidhinishwa. Chuo kinachofundisha masomo ya Cisco hukupa cheti cha kumaliza kozi, na hicho si CCNA. CompTIA A+, inayohusu hasa kazi ya msaada wa kompyuta, ina mitihani miwili, na cheti hiki pamoja na CCNA hudumu miaka mitatu kabla ya kuhuishwa. Mitihani ni ya gharama na lugha yake ni Kiingereza, kwa hiyo viweke baada ya stashahada, na hiyo D yako ya Kiingereza uanze kuifanyia kazi sasa kwa kusoma miongozo ya vifaa, si kwa kukariri sarufi.

Kuhusu ada, kabla mzee hajatoa zote mfukoni, tazameni tangazo la Bodi ya Mikopo ya mwaka huu, kwa sababu tangu mwaka wa masomo 2023/24 imekuwa ikikopesha wanafunzi wa baadhi ya fani za stashahada.

Na ile kompyuta mpakato ya bure imo ndani ya ada. Ukipata chuo cha kweli, mwambie mzee akununulie kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye kifuniko kinachofunguka kwa skrubu za kawaida na nafasi ya kuongeza RAM, pamoja na UPS ndogo, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda, kwa ajili ya umeme wetu unaokatika msimu wa radi. Hiyo utaifungua na kuifunga hadi uijue, na ukiunguza kitu, kipuri chake kinapatikana Mwanjelwa, Mbeya.