Piko Haina Raba

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia: “Dada, nimenunua daftari na kalamu kama ulivyosema, nijifunze kuchorachora nakshi. Nimechora kurasa tatu, zote mbaya, nimezichana.” Nikacheka, halafu nikanyamaza. Hapo kwenye kuchana ndipo nilipokwama mimi.

Nilianza kuchorachora kazini, kwenye vikao visivyoisha. Vitone, mawimbi, miraba ndani ya miraba, pembezoni mwa daftari. Siku moja mkuu wangu alilinyakua mbele ya watu, akalifunua, akasema, “Kumbe tunamlipa mtu achore maua!” Wenzangu wakacheka. Namkumbuka hadi leo aliyecheka kwa sauti kuliko wote. Na wala hayakuwa maua, ulikuwa ukili wa mkeka wa bibi yangu, msuko kwa msuko. Nilirudi nyumbani nikachana kurasa zote, na nikakaa muda mrefu bila kushika kalamu.

Kilichonirudisha ni harusi ya binamu yangu, Tanga. Mama mchora piko alikuwa ameshafika kwenye kifundo cha mkono bi harusi alipopiga chafya. Mstari ukaruka mpaka kwenye kidole gumba. Sisi tuliokuwa tukitazama tukaguta. Yule mama hata hakuinua kichwa. Akaufuata ule mstari, akaupachika jani huku na jani huku, akamalizia na tumba la ua, kisha akaurudia mkono wa pili vilevile ili ufanane. Usiku ule watu walisifu zaidi vidole gumba.

Baadaye ndipo nikasoma kwamba Wamarekani wawili, Rick Roberts na Maria Thomas, wameifanya kazi hii ya kuchorachora nakshi kuwa mtindo wenye jina, Zentangle. Wao huchora kwenye kikaratasi cha mraba cha kama sentimita 9, kwa kalamu ya wino, na raba hawatumii. Nikajisemea, hili si nilishaliona Tanga?

Basi, mdogo wangu, fanya hivi. Weka vitone vinne karibu na pembe, viunganishe kwa penseli. Pitisha mstari mmoja mlegevu katikati, ujipindepinde utakavyo, ukate vyumba. Kila chumba kijaze nakshi moja kwa peni, polepole, pumzi ikifuata mkono. Mwisho paka kivuli kwa penseli, sugua kwa kidole. Usifute. Peni ya kawaida ya dukani inatosha. Kalamu za bei hazijamfundisha mtu subira. Mstari ukikosea, urudie kosa hilohilo mara tano, litageuka nakshi. Na usifute, nimeshasema?

Mwezi uliopita mshona kofia wa mtaani kwetu aliomba ukurasa wangu mmoja aende kuushona. Sisemi kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo, na natamani yule mkuu aivae siku moja bila kujua.

Tatizo letu tunataka uzuri kabla ya mazoea. Tunamchora mtu atakayetucheka kabla hatujachora kitu. Mfukuze huyo chumbani, zima simu, kaa na karatasi yako robo saa.

Kurasa zangu za siku ile zilikwenda na taka. Zako, kama bado ziko kwenye pipa, zitoe leo, zibandike kwa gundi kwenye daftari, na palipochanika papitishie wino. Kisha nitumie picha.