Kioo cha mbele: maswali yenu kuhusu nyufa, gundi na maji yanayopenya

Habari wakuu. Jiwe la lori la kokoto lilipiga kioo cha IST yangu Barabara ya Mandela, likaacha kishimo kama punje ya hindi. Nikakidharau. Juzi mchana nimewasha AC, ufa umekimbia kama sentimita 30 hadi ukingoni. Fundi anataka kutoboa mwisho wa ufa na kumimina gundi. Nikubali? – Tabata

Usikubali, mkuu. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyoshikanishwa na utando wa plastiki katikati. Jiwe huumiza kile cha nje tu, na kishimo kisichozidi kama sentimita 2 na nusu hujazwa rezini, yaani gundi angavu ya majimaji, ikagandishwa kwa taa maalumu, mradi kisiwe karibu na ukingo wala mbele ya macho ya dereva, maana hata rezini nzuri huacha kivuli. Ufa ukishafika ukingoni, rezini haisaidii. Ukingo ndio unaobeba msukosuko wote wa bodi, na kila tuta utakalopanda litauvuta ufa mbele.

AC haikuvunja kioo, ilimalizia tu. Gari likianikwa juani kioo hupanuka. Hewa baridi ikikipuliza kwa ndani kinasinyaa upande mmoja, na penye jeraha ndipo kinapoachia. Ndoo ya maji baridi pale kwa waosha magari hufanya hivyohivyo. Siku nyingine ukipigwa jiwe, bandika kipande cha selotepu juu ya kishimo palepale. Vumbi na maji vikishaingia, rezini haishiki tena.

Nimeenda Gerezani kutafuta kioo cha Noah, muuzaji ananiuliza "Noah ipi?" Na kati ya kipya na cha mtumba nichukue kipi? – Mbagala

Alikuuliza swali la maana. Noah ya toleo la AZR60 na ya toleo lililofuata la ZRR70 haziazimani kioo. Nenda na kadi ya gari yenye namba ya chasisi, na piga picha ya kioo chako kwa ndani, sehemu ya juu katikati na ukingo wa chini. Hapo utaona kama kuna kitako cha kioo cha kutazamia nyuma, kihisi cha mvua, kamera, au nyaya nyembamba za kupasha joto chini penye waipa, ambazo magari yaliyotoka ukanda wa baridi wa Japani huwa nazo. Nyaya hizo Dar huzihitaji, lakini kitako kikikosekana au kikikaa pengine utahangaika.

Cha mtumba kimekatwa kwenye gari jingine kwa waya au kisu, kwa hiyo pitisha macho ukingo wote. Kibanzi kidogo kama ukucha ndicho ufa wa mwezi ujao. Weupe unaotambaa kutoka pembeni maana yake utando wa katikati umeanza kuachana na kioo. Kipya nacho kikaguliwe: pembeni kiwe na neno LAMINATED, pamoja na alama ya kiwango cha usalama: AS1, au herufi E ndani ya duara na 43R. Kisha kisimamishe, tazama ukingo wa paa la bati au nguzo ya umeme kupitia kioo huku ukisogeza kichwa polepole. Nguzo ikicheza kama nyoka, mrudishie.

Kwa bei zikikaribiana, sisi tungechukua kipya. Na kisafirishwe wima juu ya godoro au maboksi, kisilazwe. Kioo hakipandi bodaboda.

Shikamooni mafundi. Nilibadilisha kioo miezi miwili iliyopita. Mvua ikinyesha maji yanadondoka miguuni kwa abiria, na nikifika spidi 80 kuna mluzi. Fundi anaongeza silikoni kwa nje kila nikirudi. Tatizo ni nini? – Ubungo

Marahaba. Tatizo linaweza kuwa ni hiyo silikoni yenyewe.

Kabla ya kumlaumu, fungua boneti uangalie chini ya ile plastiki ya waipa. Kama gari hulala chini ya mwarobaini, majani huziba matundu ya kutolea maji, maji yakajaa na kuingia kupitia njia ya hewa ya AC, nayo hushuka palepale miguuni kwa abiria. Safisha kwanza. Halafu jaribu kwa mpira wa maji usio na presha: mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie kuanzia ukingo wa chini, dakika chache kila sehemu, akipanda taratibu. Ukianzia juu, maji yatatiririka kote na hutajua yalikoingilia. Mluzi kwa kawaida hutoka kwenye mpira wa pembeni usiokaa sawa, au mahali kioo kilipoinuka kuliko bodi.

Ikionekana maji yanapita kwenye gundi, kupaka kwa nje ni kuficha. Kioo kitolewe kirudishwe upya. Gundi yake ni ya poliyurethani, siyo silikoni ya kuzibia sinki. Silikoni inayonuka siki hula bati, haina nguvu ya kushika kioo gari likipinduka, na mabaki yake huzuia gundi halali isishike. Kwa magari mengi eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) ya abiria hufumuka kwa kuegemea kioo cha mbele. Kioo kikiachia, eabegi inatoka nacho.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mikono ya waipa, plastiki ya chini na vifuniko vya nguzo za bodi pembeni mwa kioo hutolewa, dashibodi hufunikwa, kisha gundi ya zamani hukatwa kwa waya unaovutwa na watu wawili, mmoja ndani mmoja nje. Kwenye fremu gundi ya zamani haibanduliwi yote: hupunguzwa kwa kisu kikali hadi ibaki milimita 1 au 2, kwa sababu gundi mpya hushika vizuri zaidi juu ya ile iliyotoka kukatwa kuliko juu ya rangi. (Kwako, palipo na silikoni pasafishwe hadi iishe kabisa.) Kila mkwaruzo uliofika kwenye bati upakwe praima (dawa ya kutangulia gundi) ya bati, la sivyo mwakani kutu itainua gundi.

Kabla gundi haijafunguliwa kioo kiwekwe kikavu juu ya vipira vyake vya chini, nafasi za kushoto na kulia zilinganishwe, na mahali pake pawekewe alama kwa vipande vya tepu ya karatasi, nusu kwenye kioo nusu kwenye bodi. Fundi asiyefanya hivi hukisogezasogeza kikiwa kwenye gundi, na hapo ndipo uvujaji unapozaliwa. Ule ukanda mweusi wa ukingoni usafishwe kwa dawa yake na kupakwa praima ya kioo, na baada ya hapo usiguswe kwa kidole. Jasho la saa saba mchana likidondokea hapo, gundi itashika jasho badala ya kioo.

Mdomo wa bomba la gundi ukatwe umbo la V ili gundi itoke kama pembetatu: upana milimita 10, kimo 12. Kwa kioo chenye mzunguko wa mita 4 hiyo ni kama mililita 240, kwa hiyo bomba moja la mililita 310 linatosha gari dogo. Noah na kubwa zaidi nunua mawili. Anayesema nusu bomba litatosha anapanga kuacha mapengo. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, na Dar unyevu haukosekani, hivyo hufanya ngozi upesi. Kioo kiwekwe ndani ya dakika chache, kwa watu wawili wenye vikombe vya kunyonya, kikandamizwe kwa viganja bila kupigwa ngumi.

Soma pia tarehe ya mwisho kwenye bomba. Lililokaa miezi mingi kwenye duka la bati lenye joto hutoka na mabonge.

Kioo kikishawekwa naweza kuendesha saa hiyohiyo? Nakaa Kigamboni, na fundi amesema fremu ina kutu. – Kigamboni

Lebo ya gundi ndiyo inayojibu: zipo zinazoruhusu gari kuondoka baada ya saa moja, nyingine hutaka siku nzima. Gundi ya kawaida hukauka kama milimita 3 hadi 4 kwa saa 24 kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo hata ukiruhusiwa kuondoka, katikati bado ni mbichi. Siku ya kwanza acha dirisha moja wazi kidogo, kwa sababu mlango ukibamizwa hewa ya ndani husukuma kioo. Tepu zibaki hadi kesho yake, matuta yapande polepole, na mashine ya presha isubiri siku mbili.

Kutu usiifunike kwa gundi. Ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa hadi bati ling'ae, ipakwe praima ya kuzuia kutu na rangi, kisha rangi iachwe ikauke kwelikweli, siku kadhaa. Gundi ikiwekwa juu ya rangi mbichi itabanduka na rangi yake. Ndiyo, gari litalala gereji. Karibu na chumvi ya bahari hakuna njia ya mkato hapo.

Subaru yangu ina kamera mbili juu ya kioo. Fundi anasema atazirudisha tu kama zilivyokuwa. – Mikocheni

Kuzirudisha anaweza, kuzilinganisha hawezi bila kifaa cha uchunguzi na bango maalumu la kupimia. Kamera iliyopinda hata kidogo husoma umbali vibaya, na breki ya kujifunga yenyewe itaamini umbali huo. Hapa usibahatishe na kioo cha bei rahisi, maana hata kioo kinachopindisha taswira huzichanganya. Kama hakuna wa kuzilinganisha, zima mfumo huo kila unapowasha gari hadi umpate.

Bima inalipa? – Sinza

Bima ndogo hailipi kioo chako. Bima kubwa hutegemea kifungu cha vioo kwenye mkataba na kiwango chake, usome kabla hujabadilisha. Piga picha za ufa, na usimruhusu fundi aanze kabla kampuni haijakubali.

Defender ya zamani, kioo kinakaa kwenye mpira. Nayo inataka gundi hiyo? – Kimara

Hapana, dada. Mpira huvalishwa kioo kwanza, kamba ya milimita 4 au 5 huzungushwa ndani ya mfereji wake, ncha mbili zikutane chini katikati. Paka maji ya sabuni, mmoja akandamize kwa nje, mwingine avute kamba kwa ndani taratibu hadi mdomo wa mpira uruke juu ya bati. Nunua mpira mpya. Wa zamani uliokakamaa kwa jua ndio unaokuletea maji, hata kioo kikiwa kipya.