Lengo lako, na neno la kutuachia

Mwanangu,

Kurasa zako nne nimezipata, na swali lako pia. Umeombwa uje uzungumze nasi akina mama wa soko la Kibuye kuhusu presha, na mkubwa wako wa kazi huko Nakuru amekurudishia karatasi akiuliza: lengo ni nini na wazo kuu ni lipi? Wewe unaona ni kitu kimoja. Nami niliona hivyo miaka mingi, hadi siku ile ya chama.

Nilikuwa mweka hazina. Wanachama kadhaa walikuwa wamechelewesha mikopo, nikasimama kuzungumza. Nilieleza chama kilivyoanza, nikasema bei ya omena ilivyopanda, nikawashukuru waliotusaidia, nikasoma na kanuni. Nilipoketi, mama mmoja aliyekuwa akichambua omena kwenye ungo akainua macho, akauliza kwa upole: "Kwa hivyo tufanye nini?" Sauti ile bado naisikia. Nilikuwa nimemchukulia nusu saa yake, na mkononi hakuwa na kitu.

Kabla ya mkutano uliofuata nilikaa nikajiuliza: nataka nani afanye nini? Nikapata: kila aliyechelewa alipe, au ataje siku ya kulipa, kabla hatujaagana. Hilo ndilo lengo. Ni langu, nalibeba kifuani, hata nisipolitamka. Kisha nikatafuta neno la kuwapa waende nalo: pesa uliyoikalia ni karo ya mtoto wa mwenzako. Hilo ndilo wazo kuu. Lengo ni kile unachotaka msikilizaji akifanye, na wazo kuu ni lile ambalo lazima aliamini kwanza ndipo akifanye.

Sasa tazama karatasi zako. Juu umeandika "Shinikizo la damu". Hiyo ni mada tu, na mada haina mwisho. Ungeweza kuizungumzia hadi jua lizame ziwani. Chini yake umeandika: "Lengo: kuwaelimisha akina mama." Kuwaelimisha ili iweje? Siku hiyo nitakuwa nimeketi nyuma ya gorogoro zangu, jicho moja kwako, jingine kwa mteja. Unataka ninyanyuke niende wapi? Jibu unalo, uliniambia mwenyewe kwenye simu: unataka kila mama apimwe presha kabla ya kufunga biashara siku hiyo. Basi liandike hivyo hivyo. Ukitaka tujue tu, utatueleza na kushukuru. Ukitaka tunyanyuke, itabidi uyajibu yanayotukalisha: "Sina wakati." "Mimi siumwi popote."

Na hapo penye "siumwi" ndipo wazo lako lilipo. Nimelikuta ukurasa wa tatu, limebanwa kati ya figo na vidonge: kwamba mtu anaweza kukaa na presha miaka na asihisi lolote. Mwanangu, hotuba yako yote iko hapo! Litoe huko ulikolificha, ulifanye sentensi nzima ambayo mama anaweza kumwambia jirani yake kwenye matatu jioni: "Presha haipigi hodi, kipimo ndicho kinachoiona." Kisha kila aya uipitishe mbele ya sentensi hiyo. Ile 140 kwa 90, namba ambayo presha ikiifikia huhesabiwa iko juu, ibaki, maana aliyepimwa atataka kujua namba yake inasema nini. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, hilo nalo libaki, kwa ufupi. Moyo na vyumba vyake vinne uuache nyumbani. Najua ulivyousomea, na najua inauma kuukata.

Ukipata nafasi, soma hotuba ya Wangari Maathai ya Oslo, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alikuwa na mengi ya kusema, kazi ya kupanda miti tangu 1977, lakini yote aliyafunga kwa kamba moja: mazingira, demokrasia na amani haviachani. Akamalizia na kijito cha utotoni mwake, alikokwenda kumchotea mama yake maji, akajaribu kuokota mayai ya chura akidhani ni shanga. Kijito hicho kilikuja kukauka. Mimi nikiikumbuka hotuba ile, naanzia hapo kijitoni.

Ukishajua lengo, hata mzigo utakaokuja nao utabadilika. Kama ni tupimwe, mashine moja haitoshi, leta mbili au tatu, na maneno yako yawe ya dakika kumi ili mstari uanze watu wakiwa bado wapo. Uje na ule mkanda mkubwa wa kufunga mkononi pia. Wengi hapa tuna mikono minene, na mkanda mdogo huipandisha namba kuliko ilivyo. Nimeshawaambia wenzangu wa safu ya omena kwamba sisi ndio tutakaoanza.

Mama yako.