Umealikwa harusi ya Walao? Soma hapa kabla hujanunua kadi

Mkuu, umesema mfanyakazi mwenzako Mlao hapo Brooklyn Park anaoza binti, umeambiwa ufike asubuhi kwenye baci, ile sherehe yao ya kufungana uzi wa heri mkononi, nawe unauliza kama hiyo ni ibada ya sanamu, uende na zawadi gani, na kama uweke kwenye kadi bendera ya Laos uliyoitoa mtandaoni. Mimi ni mtu wa Iringa, nimeoa kwa Walao hapahapa Minnesota, na mama mkwe tunaishi naye. Karibu yote ninayoyajua nimeyapata jikoni kwake.

Naanza na bendera maana ndiyo itakayokuharibia siku. Hiyo nyekundu na buluu yenye duara jeupe ni ya serikali iliyoshika nchi Desemba 1975, na wengi wa wazee utakaowakuta walikimbia utawala huohuo. Mama mkwe alivuka mto Mekong usiku akaishia kambi ya Nong Khai, upande wa Thailand, mpaka usharika mmoja wa Kilutheri wa huku ulipoidhamini familia yake. Ukumbini ukiona bendera, kuna uwezekano mkubwa itakuwa nyekundu yenye tembo mweupe wa vichwa vitatu, ile ya ufalme uliokwisha mwaka huo. Kadi yako iwe na maua tu.

Na ukishaelewa hilo utaelewa mengi. Mila utakazoziona ni zile walizoondoka nazo. Mke wangu akienda Vientiane, mji mkuu wa Laos, binamu zake humcheka kwamba anaongea kama bibi yao. Mama naye ni mkali kuliko watu waliobaki kule: mwanamke haingii hekaluni bila sinh, ile sketi ya kufunga yenye pindo lililofumwa, hata theluji ikiwa imefika magotini.

Sasa baci. Walao wanaamini mwili una khwan 32, roho ndogondogo zinazolinda viungo vyake. Ukishtuka, ukiugua, ukisafiri mbali au ukibadili maisha, baadhi huweza kutangatanga, na mtu akabaki mnyonge bila kujua kwa nini. Baci ni kuziita zirudi na kuzifunga mwilini kwa uzi. Hufanywa mtoto anapozaliwa, mgonjwa akipona, mtu akisafiri au akirudi, mwaka mpya wa katikati ya Aprili, na harusini. Mama husimulia kwamba familia yao ilipofika huku, kabla hata hawajajua kuwasha hita, wazee wachache waliotangulia waliwafanyia baci kwa nyuzi za cherehani na mayai ya kuchemsha, wakaziita khwan zitoke kambini, zitoke msituni, zivuke mto, zije huku kwenye baridi. Hadi leo akifika hapo hunyamaza kidogo, kisha huuliza nani amekula.

Sebuleni utakuta sinia lenye mnara wa majani ya mgomba yaliyokunjwa (huku hununuliwa yamegandishwa kwenye maduka ya Waasia), maua ya njano, na nyuzi nyeupe za pamba zikining'inia. Pembeni kuna mayai, wali, matunda na pombe ya mchele. Mzee anayeongoza, mo phon, mara nyingi amewahi kuwa mtawa wa Kibuddha. Huimba maneno ya Kilao yaliyochanganyika na Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha. Wewe kaa chini, miguu ukunjie pembeni, nyayo zisielekee sinia wala mtu. Ukiwa mbali na sinia, gusa kiwiko au bega la aliye mbele yako, ili wote muwe mmeungana. Kisha wageni hupita kuwafunga maharusi uzi mkononi huku wakiwatamkia heri. Hapo tamka kwa Kiswahili bila wasiwasi. Harusini kwangu shangazi zangu walitamka kwa Kihehe, na wazee wa Kilao walisikiliza kwa adabu kama wameelewa kila neno. Noti ikikunjwa pamoja na uzi ndiyo zawadi yenyewe. Sahani na blanketi waachie wengine.

Ukifungwa wewe, inua mkono mwingine usawa wa uso. Uzi ukae walau siku tatu, na wakati wa kuutoa ufungue fundo. Kwa mama, anayeukata kwa mkasi hana malezi.

Kuhusu ibada ya sanamu, sikufichi: roho huitwa, na baraka huombwa. Desturi hii ni ya kale kuliko Ubuddha nchini mwao, na wapo Walao Wakristo wanaoifanya kama heshima ya familia tu. Mimi Mlutheri nilikaa, nikafungwa, nikashukuru. Dhamiri yako ikikataa, njoo baadaye kwenye chakula, hakuna atakayekasirika. Ila usije ukakaa pale umekunja uso.

Kabla ya baci, usikose msafara wa bwana harusi. Huja chini ya mwavuli, ndugu wanapiga kelele, na akipatikana mpiga khene, ile filimbi ya mianzi mingi, mambo huwa moto. Mlangoni huzuiwa kwa mkanda wa madini ya fedha hadi upande wake utoe hela na kunywesha walinzi. Sisi wa kifungua mlango hatuhitaji kufundishwa. Halafu mdogo wa bibi harusi humwosha miguu juu ya jani la mgomba, naye pia hudai chake. Mimi niliishiwa noti pale mlangoni, ikabidi mjomba aokoe jahazi.

Chakula ni wali wa kunata kutoka kikapu cha mianzi, unaumega na kuufinyanga kwa vidole kama tonge la ugali, unachovya. Laap, nyama iliyokatwakatwa na mimea na unga wa mchele wa kukaanga, kula bila hofu. Saladi ya papai bichi ina pilipili ya kuadhibu, na ndani yake mna padaek, samaki waliovundishwa; harufu utaizoea, ingawa nyumbani kwetu padaek huwekwa gereji.

Jioni ni lam vong, mduara wa polepole, mikono inazungushwa, mwanamume na mwanamke hawagusani. Ukiombwa kucheza usikatae. Unaanza na kumaliza kwa kukutanisha viganja kumshukuru mwenzako. Atapita mtu na glasi moja ndogo ya pombe akimnywesha kila mgeni kwa zamu. Kama hunywi au unaendesha, ipokee kwa mikono miwili, iguse mdomoni, mrudishie. Inatosha kabisa.