Kabla hujasema ziwa limetiwa sumu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Rubirizi, huku magharibi mwa Uganda, aliniandikia. Ana shilingi milioni 3, ana ziwa dogo karibu na kwao, na anataka kuweka vizimba vya ngege, yaani sato au tilapia, kama vyangu. Aliuliza jambo moja tu: vifaranga anunue wapi? Nimekaa na ujumbe huo siku tatu bila kumjibu, maana mimi nami nilianza na swali hilohilo, na ndilo lililoniponza.

Ziwa letu liko kusini mwa Fort Portal, mojawapo ya yale maziwa ya kasoko, yaani mashimo ya volkano ya kale, yaliyozungukwa na vilima pande zote kama maji ndani ya chungu. Nilitia vifaranga 6,000 katika vizimba vitano, kwa mkopo wa chama wa shilingi milioni 15. Miezi minne ya kwanza haina hadithi: kulisha, kusafisha nyavu, kulisha tena. Mwezi wa tano ngege walikuwa wamefika gramu 300, na mtu aliyekuwa akiniuzia chakula akanishauri niongeze lishe ili Krismasi iwakute na gramu 500. Nikaongeza. Punje zilizobaki zilikuwa zikizama, nami nilihuzunikia bei yake tu.

Kisha ikaja usiku mmoja wa Novemba. Upepo na mvua ya baridi mpaka alfajiri. Niliposhuka ziwani maji yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, yananuka yai viza, na ngege wangu wote wameelea matumbo juu. Nilikaa kwenye mtumbwi nikalia, sioni haya kulisema.

Nililofanya baadaye ndilo linalonichoma hadi leo. Juu ya ukingo kuna bustani ya nyanya ya mzee tunayemwita kwa empaako yake, Araali. Huku Toro empaako ni jina la heshima na mapenzi. Yeye tangu utoto wangu alikuwa akiniita Amooti. Juzi yake nilikuwa nimemwona akipulizia nyanya dawa. Basi mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, na watu waliokuja kutazama, nikamnyooshea kidole: huyu ndiye aliyeua samaki wangu. Hakubishana nami. Alisema, "Mwanangu, katazame kambare." Nikadhani ananikejeli.

Siku ya pili ofisa wa uvuvi alikuja na kipimo cha oksijeni. Kikasoma miligramu 1.4 kwa lita. Ngege hustawi penye 5 na zaidi. Chini ya 3 wanahangaika. Akaniuliza kama kuna samaki waliobaki hai. Walikuwepo: kambare ukingoni, na visamaki vidogo kwenye majani. Kambare huweza kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi, kwa hiyo maji yakikosa oksijeni yeye hubaki. Nao samaki wakubwa huzidiwa kabla ya wadogo. Sumu haichagui hivyo, mara nyingi wadogo ndio hutangulia. Mzee alikuwa amenipa jibu lote kwa maneno mawili.

Maziwa haya ni marefu kwenda chini, na vilima huyakinga na upepo. Maji ya juu yenye joto hukaa juu, ya chini hukaa chini yakioza bila oksijeni. Usiku wa baridi na dhoruba, maji ya juu hupoa na kuwa mazito, yakashuka, na ule uozo wa chini ukapanda. Chakula changu kilichozama kilikuwa kimeongeza uozo huo. Mbolea ya bustani zetu ilikuwa imelisha mwani mpaka maji yakawa kijani, na usiku mwani wenyewe huvuta oksijeni. Nasema bustani zetu kwa sababu mahindi yangu nami yalishuka mpaka majini, wakati kanuni za nchi hii zinataka kuacha mita 100 kandokando ya ziwa dogo.

Januari 2021 mputa, yaani sangara, walikufa kwa wingi katika Ziwa Victoria na Kyoga, na huko pia watu walishuku sumu. Serikali ilieleza kuwa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba. Nilisikia habari ile redioni wakati huo, lakini niliiona ni habari ya maziwa ya watu wengine.

Kwa hiyo wewe kijana, pima maji kwanza. Pima alfajiri, kabla jua halijatoka, maana hapo ndipo oksijeni huwa chini kabisa; kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya. Kama huna kifaa, mwombe ofisa wa uvuvi wa wilaya yako. Funga sahani nyeupe kwenye kamba, izamishe: ikipotea machoni kabla ya sentimita 30, maji yale yamejaa mwani, usiweke kitu. Siku za mawingu na mvua punguza chakula au usilishe kabisa. Na ulime mbali na maji, wewe na majirani zako. Tunaililia thamani ya samaki sokoni huku tunamwagia ziwa kila takataka, tunaosha bodaboda ndani yake, tunakata mafunjo yanayochuja maji, kisha samaki wakifa tunamtafuta mchawi. Tuache! Pima alfajiri, narudia.

Mkopo nilimaliza kuulipa mwaka jana. Sasa nina vizimba viwili, na mahindi nimeyahamishia juu. Nilikwenda kwa mzee na mwenyekiti yuleyule, nikaomba msamaha mbele ya watu walewale. Alinipokea, akanipa kiti na chai. Ila kwa jina la Amooti hajaniita tena.

Milioni 3 zako usizitume kwa muuza vifaranga bado. Nenda ziwani saa kumi na moja alfajiri kwa siku saba, baada ya mvua hasa, andika vipimo, kisha unitumie. Tutaanzia hapo.