Jibu: Kwa nini wanafunzi wa Texas A&M hawaketi mechi nzima

Habari ndugu. Umeuliza kama nawe utalazimika kusimama mechi nzima ya futiboli ya Marekani ukimtembelea mwanao chuo kikuu cha Texas A&M. Kwanza angalia tiketi: ikiwa ni upande wa mashariki wa uwanja wa Kyle Field, kwa wanafunzi, vaa viatu vyepesi. Mimi nilisimama pale mpaka mwisho.

Chanzo cha desturi hii ni mechi ya Dallas, 2 Januari 1922, dhidi ya Centre College. Wachezaji waliumia mmoja baada ya mwingine, kocha Dana X. Bible akamwita E. King Gill, aliyekuwa juu kwenye chumba cha waandishi wa habari akiwasaidia kutambua wachezaji. Akavaa jezi ya majeruhi, akasimama pembeni tayari. Hakuingizwa; A&M ikashinda 22-14. Wanafunzi husimama kuonyesha wako tayari kama yeye, ndiyo maana wanaitwa Mchezaji wa 12. Kwangu hakuna desturi ya futiboli ya Marekani inayoizidi hii.