Chanjo ya homa ya mafua: nichomwe mimi au mama?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, ni karani wa mizigo bandarini Tanga. Kazini wametutaka tuchanje homa ya mafua, na anayetaka anaweza kumlipia ndugu yake. Mwenzangu alichomwa mwaka jana, siku ya tatu akalala na mafua. Nyumbani Ngamiani nina mama wa miaka 68 mwenye kisukari, na mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Huku kwetu kwenye joto chanjo hii ina maana gani?

JIBU: Marahaba. Kama fedha yako inamtosha mtu mmoja tu, mpeleke mama. Kwa mtu wa rika lako mwenye afya, homa ya mafua kwa kawaida ni wiki ya kulala na kuumwa viungo. Kwa mwenye kisukari aliyefika umri ule, inaweza kushuka kifuani ikawa nimonia, na sukari nayo ikapanda. Wenye pumu, ugonjwa wa moyo au figo, na wanaoishi na VVU wako kwenye kundi hilohilo.

Mkeo anafuata. Shirika la Afya Duniani linawahesabu wajawazito miongoni mwa wanaotangulizwa, na sindano ya virusi vilivyouawa hutolewa mimba ikiwa ya miezi yoyote. Kinga humfikia mtoto akiwa tumboni, naye hawezi kuchanjwa mwenyewe mpaka atimize miezi 6. Wewe, ikiwa ofisi inakulipia, usiikatae: kutwa unapokea karatasi kwa madereva na mabaharia, jioni unakaa na mama.

Huyo mwenzako hakuugua kwa sababu ya sindano. Virusi vyake vimekufa. Kinachotarajiwa ni bega kuuma na labda kahoma ka siku moja mbili. Kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga, na mafua mengi ya kila siku huletwa na virusi vingine kabisa. Tena haizuii yote: mwaka ambao chanjo imelingana vizuri na virusi vilivyopo, hupunguza ugonjwa wa kumfikisha mtu kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60 hivi.

Kuhusu joto, karibu na ikweta virusi hivi vinaweza kuzunguka mwaka mzima, kwa hiyo msingoje kipupwe. Kwa kuwa hubadilikabadilika, mchanganyiko wa chanjo hupangwa upya Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa za kusini, na sindano hurudiwa kila mwaka.

Joto la Tanga linanitia wasiwasi kwa jambo jingine: friji. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda haifai tena. Omba uoneshwe kipimajoto. Friji ya dawa iliyojaa soda mimi siiamini. Wala usiagize sindano Dar ije mkobani mwa kondakta.

Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo hii aseme mapema.

Mama akishikwa na homa na kikohozi, apimwe malaria kama kawaida. Kipimo kikionesha hana, msirudi nyumbani na dawa ya mseto. Mwulizeni daktari siku hiyohiyo kuhusu oseltamiviri, dawa ya kupambana na virusi vya homa ya mafua, maana hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.